Barua ya wazi kuhusu ardhi ambayo Mjerumani “aliipoteza” mwaka 1919

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya malikale;
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa;
Nakala kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa historia. Nimefundisha shule za sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, sehemu kubwa ya miaka hiyo wilayani Ngara, mahali ambapo Rwanda na Burundi ni majirani wa kuazimana chumvi. Kila mwaka nilipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kitabu kilinitaka niandike ubaoni orodha ya matokeo ya vita, na ndani ya orodha hiyo, chini ya vifo na juu ya kuundwa kwa Shirikisho la Mataifa, palikuwa na sentensi moja fupi iliyosema kwamba Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote. Wanafunzi waliinakili, wakaikariri, wakaijibia mtihani na kupata alama yao moja. Mwaka mmoja binti aliyekuwa akikaa dawati la karibu na dirisha aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, kama Mjerumani alipoteza, aliyeokota ni nani? Na mwenyewe alikuwa wapi?” Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nalo. Nilimwahidi kwamba tungelirudia swali lake kipindi kinachofuata, na hatukulirudia, kwa kuwa mtihani wa mkoa ulikuwa umekaribia na mada zilizobaki zilikuwa nyingi. Nimestaafu na swali lile bado linanidai.

Ninachoomba ni hiki. Nchi yetu sasa ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, yaani kwa lugha ileile ambayo mtoto huitumia kuuliza swali kama lile. Naomba mgawanyo wa Afrika Mashariki ya Kijerumani baada ya vita ufundishwe humo kama tukio lililoipata nchi hii, wala usiachwe kuwa mstari mmoja katika hesabu ya hasara za Ujerumani. Naomba pia hati zilizoukamilisha mgawanyo huo zitafsiriwe kwa Kiswahili sanifu na ziwekwe mahali ambapo mwalimu wa shule yoyote ya kata anaweza kuzifikia bila kuomba kibali cha kusafiri hadi Dar es Salaam.

Koloni linalozungumzwa lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 995,000, likijumuisha Tanzania Bara ya leo, Rwanda, Burundi na kipembe kidogo cha ardhi kusini ya mlango wa mto Ruvuma kinachoitwa Kionga. Haki ya Ujerumani juu ya eneo hilo ilianzia kwenye karatasi ambazo Carl Peters aliwafanya watu watie saini huko Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884, ikapanuliwa kwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, kisha ikalazimishwa kwa bunduki. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900, na baada ya hapo vikaja Vita vya Maji Maji. Kutoka mwisho wa Maji Maji mwaka 1907 hadi risasi ya kwanza ya vita vya wakubwa mwaka 1914 ilipita miaka saba tu. Hiyo ndiyo mali ambayo kitabu kinasema ilipotea.

Kuhusu vita yenyewe sitasema mengi, kwa sababu upande wa majenerali umeandikwa vya kutosha na wanafunzi wetu wanalijua jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuliko jina la mpagazi hata mmoja. Itoshe kukumbusha kwamba mapigano yalianza 1914, kwamba Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza Septemba 1916, kwamba mwezi huohuo askari wa Kongo chini ya maofisa wa Kibelgiji waliiteka Tabora, na kwamba Wajerumani walisalimisha silaha zao Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Upande wa Waingereza na washirika wao peke yao ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na karibu laki moja kati yao hawakurudi makwao. Wagogo waliokuwa wamenyang’anywa mifugo, nafaka na vijana wao waliingia katika njaa waliyoiita Mtunya, na homa ya mwaka 1918 ikawakuta hawana nguvu. Najua wapo watakaonijibu kwa methali ya fahali wawili na nyasi. Nyasi za methali, hata hivyo, hazikupangwa foleni, hazikubebeshwa masanduku ya risasi, wala hazikuandikwa katika daftari la mishahara ambayo wengi walikufa bila kuichukua.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kuandikwa kwa majina katika kumbukumbu za vita hivyo. Katikati ya Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 imebeba maandishi ya Kiswahili na Kiingereza yanayowaita wapagazi mikono na miguu ya jeshi, na yanayoahidi kwamba wana wa waliokufa watayakumbuka majina ya baba zao. Majina yenyewe hayakuandikwa. Hatua chache kutoka hapo kuna Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kama lilivyotamkwa na watu wetu, na sidhani kama katika kila mia wanaoingia pale kununua vitambaa na simu kuna watatu waliowahi kuelezwa.

Sasa nije Paris. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919 na kuanza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Kifungu chake cha 119 ni kifupi kuliko tangazo la mnada: Ujerumani inaachia haki na hatimiliki zake zote juu ya milki zake za ng’ambo, na anayeachiwa si wenyeji wa milki hizo, bali mataifa makuu yaliyoshinda. Kwa hiyo jibu la swali la yule binti lipo ndani ya kifungu hicho. Waliookota waliandikwa kwa jina, na walikuwa wamekwisha kugawana kabla ya Mjerumani kutia saini. Tarehe 7 Mei 1919, zaidi ya wiki saba kabla ya siku ya saini, wakuu wa mataifa yaliyoshinda waliamua kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani ingekwenda kwa Uingereza. Hapakuwa na chifu, liwali, karani wala mpagazi mmoja kutoka huku aliyeitwa kuulizwa. Agano la Shirikisho la Mataifa, ambalo ni sehemu ya mkataba huohuo, lilieleza sababu katika kifungu cha 22: sisi tulikuwa watu wasioweza bado kusimama wenyewe katika mazingira magumu ya dunia ya sasa, na ustawi wetu ulikuwa amana takatifu ya ustaarabu. Mtu aliyetembea na mzigo wa ratili hamsini kutoka Morogoro hadi Ruvuma anaambiwa kwamba hawezi kusimama mwenyewe. Naomba sentensi hiyo isomwe darasani kwa sauti, kwa Kiswahili, na mwalimu anyamaze kidogo baada ya kuisoma.

Ubelgiji haikuridhika na uamuzi wa tarehe 7 Mei, kwa kuwa majeshi yake yalikuwa bado yamekaa Rwanda, Burundi na magharibi ya Tanganyika. Ndipo Alfred Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, na Pierre Orts, mwanadiplomasia wa Ubelgiji, walipokaa wawili na kukubaliana tarehe 30 Mei 1919 kwamba Ubelgiji ichukue Ruanda na Urundi, na Uingereza ichukue iliyobaki. Jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha sekondari nilichowahi kukabidhiwa ni kwamba Ubelgiji yenyewe haikuwa ikizitaka sana nchi hizo mbili. Shabaha yake ilikuwa kuzitumia kama mali ya kubadilishana: iwape Waingereza Ruanda na Urundi, Waingereza waipe Ureno kipande cha kusini cha koloni la Mjerumani, na Ureno iipe Ubelgiji ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo upande wa Angola. Ureno ilikataa, biashara ikavunjika, na Ubelgiji ikabaki na kile ilichokuwa imekishika mkononi. Mwanafunzi wa Kigoma anayejiuliza kwa nini binamu zake wa Burundi wanaandika Kifaransa anastahili kujua kwamba sababu moja ni bei ambayo Lisbon haikuikubali.

Mstari wa Milner na Orts ulipita kwetu, na hapa naomba mnivumilie niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo ninapopajua. Waingereza wa wakati ule walikuwa na ndoto ya reli kutoka Cape hadi Cairo ambayo isingegusa ardhi ya mtu mwingine, na mabonde ya magharibi ya mto Kagera yalionekana kuwa njia nzuri ya kuipitishia. Kwa ajili ya reli hiyo, Gisaka, jimbo la mashariki ya Rwanda, ilikatwa na kutiwa upande wa Waingereza. Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, alipoteza watu, malisho na ng’ombe kwa siku moja, akalalamika. Wamisionari wa Kikatoliki, hasa Padri Léon Classe, wakaandika barua Ulaya, na tume ya Shirikisho la Mataifa iliyosimamia maeneo yaliyokabidhiwa washindi wayatawale kwa niaba yake ikaona kwamba mpaka ule uliwadhuru wenyeji. Mwishoni mwa mwaka 1923 Gisaka ilirudishwa Rwanda, na mto Kagera ukawa mpaka. Reli yenyewe haikujengwa hapo hata futi moja.

Kusini kidogo ya hapo kuna Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Watu wake ni Wahangaza, lugha yao na Kirundi zinasikilizana bila mkalimani, na kabla ya Wajerumani watawala wake waliutambua ukuu wa Mwami wa Burundi. Mstari wa mwaka 1919 uliiweka Bugufi upande wa Waingereza. Gisaka ilirudi ilikotoka, Bugufi ikabaki, ingawa malalamiko ya upande wa Burundi yaliendelea kusikika kwa miaka mingi. Bibi yangu mzaa mama aliolewa upande huu akiwa ameacha dada zake wawili upande wa pili, kilima kimoja kutoka Kabanga. Alipokwenda kuwaona alisema anakwenda nyumbani, na aliporudi alisema anarudi nyumbani, na mimi nilipokuwa mdogo nilidhani bibi anachanganya maneno. Siku moja, nikiwa tayari mwalimu, nilimchorea mstari wa Milner na Orts kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Aliutazama, akauliza kama mabwana hao waliwahi kufika Kabanga. Nikamwambia kwamba sina habari ya wao kufika. Akaendelea kuchambua maharage.

Waheshimiwa, siombi mpaka huo uhamishwe hata hatua moja. Mimi ni Mtanzania na nimeapa hivyo mbele ya bendera mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo mwaka 1964 walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, na nina hakika kwamba uamuzi huo umeokoa maisha ya watu wengi. Lakini nimewahi kuambiwa na mkaguzi mmoja kwamba kuwafundisha watoto wa Ngara habari za Bugufi na Gisaka ni kuwachokoza, nami nilinyamaza kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu. Leo namjibu. Mtoto anayejua jinsi mstari ulivyochorwa, nani aliuchora na kwa tamaa ya reli gani, hawezi kudanganywa kirahisi na mtu anayemwambia kwamba jirani yake ni wa damu nyingine tangu mwanzo wa dunia. Ziwa Nyasa ni mfano mwingine. Malawi inadai ziwa zima hadi ufukwe wetu kwa kutegemea mkataba wa 1890, sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji, na tangu pande zote mbili za ziwa zilipoingia mikononi mwa Mwingereza baada ya vita hapakuwa na mtu wa kuugombania kwa dhati, kwa sababu bwana alikuwa mmoja. Mvuvi wa Mbamba Bay anaishi ndani ya hoja hiyo kila anaposukuma mtumbwi, na mwanawe anamaliza kidato cha nne bila kuisikia.

Kionga nayo imesahaulika kabisa. Wajerumani waliichukua mwaka 1894 ingawa mto Ruvuma ulikuwa umekubaliwa kuwa mpaka wao na Wareno, Wareno wakaikalia tena Aprili 1916, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda yakaithibitisha kuwa yao. Ndiyo ardhi pekee ya koloni lile iliyopewa mshindi moja kwa moja, bila hata kufunikwa kwa jina la amana takatifu. Leo iko Msumbiji, mkoani Cabo Delgado, karibu na Palma, na wakati mauaji ya miaka ya karibuni yalipowafukuza watu wa huko, wengi walielekea Ruvuma na kuvuka kuja Mtwara, kwa watu wanaosema nao lugha moja. Sijui kama kuna ramani ya shule inayoionyesha.

Halafu kuna habari ya faranga moja. Ubelgiji ilikuwa imekabidhiwa Ruanda na Urundi bila bandari, kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 Uingereza ilikubali kuipangisha maeneo ya gati Dar es Salaam na Kigoma, milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ushuru. Wenyewe waliyaita Belbase. Nimeandika “milele” kwa sababu ndivyo mkataba ulivyotaka. Mwaka 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliliambia Bunge kwamba aliyekabidhiwa nchi kwa muda hawezi kuipangisha kwa muda usio na mwisho, na kwa hiyo Tanganyika huru isingefungwa na mapatano hayo. Hoja hiyo ilikuja kutajwa katika vitabu vya sheria ya kimataifa duniani kwa jina lake. Wanafunzi wa sheria wa nchi za mbali wanaisoma, na wetu wa sekondari, ambao kila siku wanaona malori ya Burundi na Kongo yakitoka bandarini, hawaisomi. Kama nikiruhusiwa kuchagua hati moja tu itafsiriwe kwanza, ningechagua hiyo ya 1921 pamoja na maelezo ya Mwalimu ya 1961, zichapishwe kurasa zinazotazamana.

Kigoma kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wangu walikipenda kuliko vyote. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku elfu kadhaa na kusafirishwa hadi ziwa Tanganyika, ambako iliunganishwa na kuzinduliwa mwaka 1915. Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nene, kwa kuwa walitumaini kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hicho ndicho kitu pekee ninachokijua katika habari hii yote ambacho kwa kweli kilipotezwa na Mjerumani na kwa kweli kikaokotwa.

Matumaini yale ya grisi hayakuwa ya mafundi peke yao. Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Kijerumani, aliporudi kwao alitumia miaka mingi kuandika na kuhutubia kwamba Ujerumani imenyang’anywa makoloni kwa uongo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika kununua mashamba, na miaka ya 1930 serikali ya Hitler ilipodai makoloni yarudishwe, mustakabali wa nchi hii ulijadiliwa tena London na Berlin kama jambo la kupozana hasira. Nalitaja hili kwa sababu sentensi ya kitabu chetu, kwamba Ujerumani “ilipoteza makoloni yake”, ni sentensi ya Schnee. Imehamia kwetu ikiwa na masikitiko yake, na sisi tunaikaririsha watoto wa watu waliotawaliwa naye.

Lipo jambo moja ambalo Mkataba wa Versailles ulilitaja kwa jina la mtu wetu. Kifungu cha 246 kinaiagiza Ujerumani, ndani ya miezi sita, kukabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Wazo hilo lilitoka kwa Horace Byatt, aliyekuja kuwa gavana wa kwanza wa Tanganyika, ambaye aliona kwamba kulirudisha kungewapendeza Wahehe na kuwaonyesha kwamba Mjerumani amekwisha. Miezi sita ilipita, Wajerumani wakasema hawalioni. Ilikuwa hadi gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen, akapitia mafuvu yaliyokuwepo, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya ukoo na tundu la risasi, na tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga. Miezi sita ya mkataba ilikuwa imegeuka kuwa takriban miaka thelathini na minne. Nimewapeleka wanafunzi Kalenga mara mbili, kwa basi la kukodi na michango ya wazazi. Mara ya pili kijana mmoja alilitazama fuvu lile ndani ya kioo kwa muda mrefu kisha akauliza kwa nini mkataba ulimwomba mmoja tu.

Swali lake lina uzito kuliko alivyojua. Taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin imechunguza asili ya mafuvu takriban 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, mengi kutoka Rwanda, mengine kutoka Tanzania Bara, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi yake na koo zinazoishi Kilimanjaro hadi leo. Kichwa cha Mangi Meli bado kinatafutwa na uzao wake. Novemba mwaka huohuo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na familia ya Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ilikuwa ikimsikiliza. Mifupa ya mjusi wa Tendaguru, iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa vichwani hadi pwani, imesimama katika ukumbi wa makumbusho ya Berlin ikiwa na kimo cha zaidi ya mita kumi na tatu. Ujerumani ilinyang’anywa ardhi yote mwaka 1919, lakini vilivyokuwa makabatini mwake havikuguswa, isipokuwa fuvu hilo moja ambalo halikupatikana. Hili nalo mwanafunzi ana haki ya kulijua anapoandika neno “ilipoteza”.

Narudi kwenye maombi yangu, nikiyaelekeza kwa kila mmoja wenu. Kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: mnazo nyaraka za utawala wa Kijerumani ambazo tangu 1997 zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani kijana wa leo hausomi bila kufundishwa. Naomba vijana wetu kumi, au hata watano, wapelekwe kuusoma mwandiko huo, na gharama yake iombwe kwa wale waliouandika. Naomba pia mzishughulikie daftari za wapagazi popote zilipo, ziwe Nairobi, London au Brussels, ili jina linalopatikana lirudi kijijini kwake na lisomwe.

Kwa Wizara ya Elimu naomba sura moja katika kitabu cha kiada, yenye tafsiri kamili ya vifungu vya 22, 119 na 246, mapatano ya Milner na Orts, na mapatano ya Belbase, pamoja na ramani inayoonyesha mstari wa 1919 kabla na baada ya Gisaka kurudishwa. Sura hiyo iandikwe kwa kushirikiana na waandishi wa Rwanda na Burundi, kwa kuwa wao walikuwa ndani ya koloni hilohilo na leo wako pamoja nasi Arusha, na wa Msumbiji waalikwe kwa ajili ya Kionga. Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya malikale naomba kibao kimoja cha chuma mpakani Kabanga na kingine Rusumo, kieleze kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda lini mpaka huu uliwekwa na nani walikuwa mezani. Nitafurahi kikiwekwa karibu na pale akina mama wanapouza ndizi na karanga wakati mabasi yanasubiri kugongewa mihuri, kwa sababu pale watu wana muda wa kusoma.

Maandalio yangu ya masomo ya miaka thelathini na mmoja, pamoja na ramani nilizochora kwa mkono kwa sababu hazikuwepo za kununua, yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Nitayaleta Dodoma kwa nauli yangu mkiniambia siku. Yule binti wa dawati la dirishani, kwa taarifa yenu, sasa naye ni mwalimu, anafundisha kidato cha nne katika wilaya jirani, na mwezi uliopita alinipigia simu kuuliza kama nina kitabu chochote cha Kiswahili kinachomweleza Milner. Nimemwambia asubiri kidogo, kwamba nimekwisha kuandika barua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngara, Kagera.